Maumivu ya shina la kidole gumba: kwa wengi, kutoa kijifupa kimoja kunatosha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Magazeti yetu yameandika sana habari za magoti na nyonga, na yamefanya vyema, lakini kidole gumba kimesahaulika. Wapo wasomaji wengi, hasa akina mama waliovuka miaka 50, ambao hawawezi tena kufungua kifuniko cha chupa, kuzungusha ufunguo kitasani wala kukamua nguo bila kuuma meno kwa maumivu. Fundi cherehani anashindwa kukata kitambaa kwa mkasi. Msusi anapumzika kila baada ya mistari miwili. Wakifika hospitali, wengine huambiwa ni uzee, wavumilie. Wengine, hasa wenye bima nzuri au watoto walio ughaibuni, huambiwa dawa ni kiungo bandia cha kuagizwa nje. Majibu yote mawili yanawaumiza watu. Kwa wagonjwa wengi wanaofikia hatua ya kupasuliwa, operesheni inayofaa ni ya kutoa kijifupa kimoja. Haihitaji kifaa chochote cha kudumu mwilini, na hospitali ya rufaa ya mkoa yenye daktari wa mifupa aliyefunzwa upasuaji wa mkono inaweza kuifanya.

Msomaji na ajishike. Weka kidole cha shahada cha mkono mmoja kwenye shina la gumba la mkono wa pili, pale linapokutana na kifundo cha mkono. Hapo mfupa wa kwanza wa kiganja, yaani metakapali ya kwanza, umekaa juu ya kijifupa kiitwacho trapeziamu. Nyuso zao zina umbo la tandiko la punda, moja limepandana na jingine kwa kukingama. Umbo hilo ndilo linaloliwezesha gumba kwenda mbele, kurudi nyuma, kujizungusha na kugusa ncha za vidole vingine vyote. Lakini mifupa yenyewe haishikani kwa kina kama ya nyonga, na kinachozuia gumba lisichomoke ni kano na mfuko wa kiungo tu. Mwaka 1977 watafiti Cooney na Chao walichapisha hesabu ya nguvu zinazopita hapo: ukibana kitu kwa ncha ya gumba kwa nguvu ya kilo 1, shina linabeba kama kilo 12, ukishika kitu kwa nguvu zote, mzigo unaweza kufika kilo 120. Ndiyo maana kiungo hiki huchakaa mapema kuliko vingi vya mkono, na ndiyo maana kubana kidogo tu huuma sana.

Kano zikilegea, metakapali huanza kuteleza kwenda nje. Gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, husagika, vinundu vya mfupa huota pembeni, na shina la gumba hutokeza kama bega dogo. Baadaye gumba huvutwa kuelekea ndani ya kiganja. Mtu akitaka kushika bilauri, kiungo kinachofuata juu yake hulazimika kujikunja kinyumenyume ili mkono ufunguke, na gumba zima likapata umbo la herufi Z. Kiungo hicho cha pili tutakirudia, maana kikisahauliwa kinaharibu operesheni iliyofanywa vizuri.

Si kila maumivu ya upande huo ni ugonjwa huu, na kupasua bila kuhakikisha ni kosa kubwa. Mama anayenyonyesha au kubeba mtoto mchanga akiumwa juu kidogo ya shina, kwenye kifundo, mara nyingi ni ala za kano zilizovimba, na dawa yake ni nyingine. Ganzi ya vidole vitatu na nusu inayoamsha usiku ni neva iliyobanwa katika njia ya kifundo. Gumba linalokwama na kufunguka kwa mlio, tatizo liko kwenye kano ya kiganjani. Kijana aliyewahi kuanguka na kujikinga kwa kiganja aangaliwe skafoidi, mfupa jirani ambao huvunjika kimyakimya na usiunge. Viungo vingi vikivimba pande zote mbili na asubuhi mikono ikawa migumu kwa zaidi ya saa moja, huenda ni baridi yabisi ya kinga ya mwili, nayo hutibiwa kwanza kwa dawa.

Kipimo cha mkono ni chepesi: daktari anashika metakapali, anaisukuma kuelekea trapeziamu huku akiizungusha. Maumivu makali na hisia ya mchanga unaosagwa huelekeza hapo. Kisha eksirei, na hapa tunawasihi wapiga picha: picha ya kawaida ya kiganja haitoshi, kwa sababu mifupa hupandana. Mkono uzungushwe kabisa kwa ndani hadi mgongo wa gumba ulale bapa juu ya sahani. Hapo ndipo nafasi ya kiungo huonekana wazi. Madaktari hutumia ngazi nne za Eaton: ya kwanza kiungo bado kizima au kimevimba tu, ya pili nafasi imepungua na vinundu havijafika milimita 2, ya tatu vinundu vimezidi milimita 2 na nafasi inakaribia kwisha, ya nne ugonjwa umefika pia upande wa chini wa trapeziamu, inapokutana na skafoidi. Lakini picha si mgonjwa. Wapo wenye kiungo kilichokwisha kabisa kwenye picha wanaofua na kupika bila shida, na wapo wenye ngazi ya pili wasiolala. Hakuna anayestahili kupasuliwa kwa sababu ya picha peke yake.

Kabla ya kisu, tiba ya kawaida ipewe nafasi ya kweli, si wiki moja ya vidonge. Tunasema miezi mitatu hadi sita. Kitu cha kwanza ni banzi fupi linaloshika shina la gumba na kuacha ncha huru, livaliwe wakati wa kazi nzito na usiku. Pasipo na plastiki ya kuyeyushwa kwa maji moto, fundi mzuri wa viatu anaweza kulishona kwa ngozi kwa kufuata kipimo cha mtaalamu wa mazoezi tiba. Cha pili ni mazoezi: kuikanda na kuinyoosha nyama iliyo kati ya gumba na shahada, ambayo hukakamaa na kulivuta gumba ndani, na kuupa nguvu msuli unaopeleka kidole cha shahada upande wa gumba, kwa kukisukuma dhidi ya mpira laini. Msuli huo ukiimarika huivuta metakapali ikae mahali pake. Cha tatu ni kubadili namna ya kushika. Mpini wa kisu au mwiko uviringishiwe kitambaa mpaka unene. Ufunguo ufungwe kwenye kijiti ili kiganja kifanye kazi ya gumba. Nguo izungushiwe bombani na kukamuliwa kwa mikono yote miwili, isiminywe kwa vidole. Mafuta ya diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi kuliko vidonge vyake kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au figo dhaifu.

Haya hayadharauliki. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2001 ulifuatilia watu 33 waliokuwa tayari kwenye orodha ya kusubiri operesheni ya kiungo hiki. Baada ya miezi 7 ya mabanzi, vifaa vya kusaidia na ushauri, takriban asilimia 70 waliona hawaihitaji tena. Sindano ya steroidi nayo hutumika, lakini faida yake kwa wengi ni ya wiki kadhaa au miezi michache, na kurudia mara kwa mara hudhoofisha kano na kukondesha ngozi. Aliyechomwa sindano hiyo asubiri miezi 3 kabla ya operesheni, maana ikiwa karibu mno hatari ya jeraha kuingia vijidudu huongezeka.

Sasa operesheni yenyewe. Kutoa trapeziamu yote ni jambo la zamani. Gervis aliieleza Uingereza mwaka 1949. Tunaifafanua kwa urefu kwa sababu madaktari vijana wanasoma gazeti hili pia, na kwa sababu mgonjwa ana haki ya kujua mkono wake utafanywa nini.

Mgonjwa analala chali, mkono juu ya meza ya pembeni. Ngozi inachanwa sentimita 3 au 4 nyuma ya shina la gumba, kati ya zile kano mbili zinazojichora gumba linaponyooshwa. Mara tu baada ya ngozi yapo matawi ya neva ya radiali, membamba kama uzi wa cherehani. Yakikatwa, au hata yakivutwa sana na kulabu, kiungo kitapona lakini mgonjwa atabaki na ganzi, au kibaya zaidi kijivimbe cha neva kinachochoma kila mkanda wa saa unapokigusa. Ndani zaidi, ateri ya radiali hukatiza juu ya kiungo ikielekea nyuma ya mkono. Isogezwe kwa upole na vijitawi vyake vifungwe kimoja kimoja. Mfuko wa kiungo unakatwa kwa urefu na kutunzwa, kwa kuwa ndio utakaofunga shimo mwishoni.

Hapo kabla ya kugusa mfupa daktari achomeke sindano na kupiga eksirei. Kuna mikono iliyotolewa kipande cha skafoidi au cha trapezoidi, kijifupa kingine jirani, kwa kudhaniwa ndiyo trapeziamu, kwa sababu ndani ya jeraha dogo mifupa hii yote hufanana. Baada ya hakika, mfupa unapasuliwa kwa msumeno mdogo au patasi katika vipande vinne, lakini visikatwe hadi chini. Chini ya trapeziamu, ndani ya mfereji wake, imelala kano ya kukunja kifundo iitwayo fleksa kapi radialisi. Patasi iishie robo tatu ya kina, kisha izungushwe ili mfupa uachane wenyewe. Vipande vinatolewa kwa koleo, na vile vya mwisho, upande wa kiganja na upande wa metakapali ya pili, ndivyo vinavyong'ang'ania. Kikibaki kimoja kikubwa, kitasugua na maumivu yatarudi. Kazi imekamilika pale kano ile inapoonekana nzima, nyeupe, kwenye sakafu ya shimo.

Kisha lipo jambo ambalo hurukwa kwa haraka ya kumaliza. Daktari avute gumba na kidole cha shahada, achungulie kiungo cha skafoidi na trapezoidi kilicho upande wa ndani wa shimo. Gegedu yake ikiwa imelika, akate milimita 2 au 3 za trapezoidi. Wagonjwa wanaorudi wakisema "bado inauma palepale" mara nyingi tatizo lao liko hapa. Unga wa mfupa usafishwe kwa maji ya chumvi, mfuko ushonwe kwa kubana, ngozi ifungwe. Baadhi ya madaktari hupitisha waya wa chuma wa milimita 1.6 hivi kutoka metakapali ya kwanza hadi ya pili ili gumba lisishuke, na kuuchomoa baada ya wiki 4.

Watu huuliza, na ni swali zuri: mfupa umeondoka, gumba litasimama juu ya nini? Shimo hujaa damu, damu huganda, na kwa wiki kadhaa bonge hilo hubadilika kuwa kovu gumu linaloshika kama mto. Metakapali hushuka kiasi. Picha ya baada ya mwaka mmoja humtisha anayeiona mara ya kwanza, kwa sababu nafasi imepungua, lakini kina cha nafasi hiyo hakiendi sambamba na maumivu wala nguvu ya mgonjwa.

Ni hofu ya kushuka huko iliyozaa nyongeza nyingi. Mwaka 1970 Froimson alipendekeza kujaza shimo kwa kano iliyoviringishwa. Wamarekani wameibandika jina la samaki mdogo wa jamii ya dagaa, kwa umbo lake. Mwaka 1986 Burton na Pellegrini walieleza njia iliyokuja kutawala: nusu ya ile kano ya fleksa kapi radialisi inachanwa kwa urefu wa sentimita 10 hadi 12 kwenye kigasha, inaachwa imeshika metakapali ya pili, inapitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwenye kitako cha metakapali ya kwanza ili kuitundika, na mabaki yanaviringishwa kujaza shimo. Ni kazi ya ufundi na inavutia machoni. Inaongeza muda wa upasuaji, inaongeza makovu, na nusu ya kano iliyobaki huweza kuvimba au kukatika.

Je, inasaidia zaidi? Kule Nottingham, Uingereza, Davis na wenzake walichapisha mwaka 2004 matokeo ya magumba 183 ya wanawake 162, waliogawanywa kwa kura: kutoa mfupa tu, kutoa na kujaza kano, au kutoa, kutundika na kujaza. Wote waliwekewa waya kwa wiki 4. Baada ya mwaka, maumivu, nguvu na matumizi ya mkono havikutofautiana. Wagonjwa wa kundi hilo walifuatiliwa tena, kati ya miaka 5 na 18 baada ya operesheni, na jibu likawa lilelile. Mapitio ya Cochrane, yanayojumlisha tafiti nyingi pamoja, ya miaka ya 2005, 2009 na 2015 nayo hayakukuta njia yoyote iliyoizidi nyingine kwa kuondoa maumivu. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa kwamba kutoa mfupa bila kujenga kano ni kazi nusu, ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi. Nyuzi imara zenye vifungo vya chuma, zinazotundika metakapali ya kwanza kwenye ya pili, huruhusu mkono kuanza kazi mapema, lakini bei yake ni kubwa na metakapali ya pili imewahi kuvunjika kwenye tundu lililotobolewa.

Tuje kwenye kiungo cha pili tulichokitaja. Kama mgonjwa akibana kitu kiungo hicho kinajikunja kinyumenyume kwa zaidi ya nyuzi 30, kishughulikiwe katika operesheni hiyohiyo, ama kwa kukaza mfuko wake wa mbele, ama kwa kukigandisha, yaani kuiunganisha mifupa yake iwe mmoja, ikiwa nacho kimechakaa. Kikiachwa, kila mgonjwa anapobana, nguvu itaisukuma metakapali nje tena, na gumba litarudi kwenye umbo la Z.

Njia nyingine zipo, na zina watu wake. Kugandisha kiungo cha shina, yaani kukwangua gegedu zote mpaka mfupa mbichi unaotoa damu na kuibana mifupa miwili kwa bamba na skrubu au waya, kumependekezwa kwa vijana wenye kazi nzito: waashi, mafundi chuma, wabeba mizigo. Gumba huwekwa mahali ambapo ncha yake inakutana na ubavu wa kidole cha shahada mkono ukifanya ngumi, likiwa limesimama nyuzi 35 hadi 40 mbele ya kiganja. Nguvu hupatikana na maumivu huisha pale mifupa inapounga. Lakini mkono hautalala tena bapa mezani, kuingiza mkono kwenye mfuko wa suruali huwa taabu, na viungo jirani hubeba mzigo ulioachwa. Mifupa isiyounga ndiyo tatizo kubwa, zaidi kwa wavutaji sigara. Uholanzi, Vermeulen na wenzake walilinganisha kugandisha kwa bamba na kutoa mfupa kwa wanawake waliovuka miaka 40; utafiti huo uliochapishwa mwaka 2014 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliogandishwa walipata matatizo mengi zaidi. Hatuishauri kwa mama wa miaka 60.

Viungo bandia vina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. De la Caffinière wa Ufaransa alibuni chake cha tufe na kikombe mapema miaka ya 1970. Vya silikoni vilivyokuja na Swanson huko Marekani viliwaacha wengine na unga wa silikoni uliochokoza mwili na kula mifupa ya jirani, na vimeachwa kwa sehemu kubwa. Vya kisasa vyenye tufe linalozunguka ndani ya kikombe kinachozunguka chenyewe, vinavyotumika sana Ufaransa na Ubelgiji, huchomoka mara chache zaidi, na mgonjwa huweza kushika vitu vyepesi ndani ya wiki chache. Hilo ni jema na hatulipingi. Lakini vinahitaji trapeziamu yenye kimo cha kutosha na mfupa mgumu, havimfai mwenye ngazi ya nne, na kikombe huweza kulegea au kuvunja mfupa kilimokaa. Kikishindikana, linalobaki kufanywa ni kukitoa pamoja na trapeziamu, yaani operesheni ileile ambayo ingefanywa mwanzoni. Kwa nchi zetu, ambako kifaa huagizwa kwa oda na kipuri cha kukirekebisha hakimo ghalani, tunaona si chaguo la kwanza.

Kwa walio ngazi ya kwanza, bado vijana na kano zimelegea tu, kuna kuijenga upya kano kwa njia ya Eaton na Littler ya mwaka 1973, au kukata kabari ya nyuzi 30 kwenye kitako cha metakapali, kama Wilson alivyoeleza mwaka huohuo, ili mzigo uhamie kwenye gegedu nzima. Ni wachache wanaofika hospitali mapema hivyo.

Hoja ya vifaa na wataalamu wa usingizi hutajwa kila mara kuwa kikwazo mikoani. Donald Lalonde wa Kanada na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kuwa mkono hupasuliwa mgonjwa akiwa macho, bila nusu kaputi na bila mpira wa kubana damu, kwa dawa ya ganzi ya lignokaini ya asilimia 1 yenye adrenalini ya kupunguza damu, ya sehemu 1 kwa 100,000. Kipimo cha lignokaini kisizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya mgonjwa: mwenye kilo 60 mwisho wake ni miligramu 420, sawa na mililita 42. Isubiriwe nusu saa ndipo ngozi ichanwe, maana anayekata baada ya dakika tano atakuta damu na kulaumu dawa. Hofu kwamba adrenalini huua vidole ilitokana na dawa za ganzi za zamani zilizoharibika, na fentolamini, dawa inayoondoa nguvu ya adrenalini, ipo kwa dharura. Faida nyingine ni kwamba mgonjwa huweza kuambiwa abane vidole akiwa mezani, na daktari akaona kama metakapali inagonga popote. Tunaiomba COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, na vyuo vyetu vya tiba viipe operesheni hii uzito katika mafunzo, na mifuko ya bima iweke malipo ya banzi na mazoezi tiba pamoja na ya chumba cha upasuaji.

Tunasisitiza mazoezi kwa sababu huko ndiko wengi wanakopotelea. Wiki 2 za kwanza mkono uko ndani ya plasta, umeinuliwa juu ya moyo, vidole vinne vikikunjwa na kunyooshwa kila saa. Nyuzi za kidonda hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Kuanzia hapo mpaka wiki ya 6 banzi huvuliwa mara kadhaa kwa siku ili gumba liguse ncha za vidole kimoja kimoja, bila kubana kitu chochote, isipokuwa aliyewekewa waya, ambaye ataanza baada ya kuchomolewa. Kubana kwa nguvu kusubiri wiki ya 8 hadi ya 12. Anayewahi kukamua nguo wiki ya 4 hulegeza lile kovu changa. Maumivu ya zamani huondoka polepole kwa miezi 3 hadi 6, na nguvu huendelea kuongezeka hadi mwaka. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kutia saini, asije akakata tamaa mwezi wa pili akidhani operesheni imeshindwa.

Plasta ikibana hadi vidole vikawa vya bluu au ganzi, jeraha likitoa usaha, homa ikipanda, au mkono wote ukivimba, ukang'aa, ukatoka jasho na kuuma kuliko jeraha lenyewe, arudi hospitali siku hiyohiyo. Hali hii ya mwisho ni ya neva, na ikikamatwa mapema kwa dawa na mazoezi hurudi nyuma. Ikiachwa miezi, viungo vya mkono hukakamaa moja kwa moja.

Ni sisi,
Madaktari wa upasuaji wa mifupa na wataalamu wa mazoezi tiba,
Dar es Salaam